Kutambua Noti za Zamani za Iran: Mwongozo Kamili kwa Mkusanyaji Anayekwama Kwenye Tarehe na Saini

Picha za noti za Iran ninazotumiwa huja na makosa yaleyale. Mmoja ameona mwaka 1340, akahesabu kwa Hijria ya madrasa, akapata 1921, na sasa anaamini ana noti ya miaka mia. Mwingine ana rundo la noti za riali 200 na haoni kwa nini muuzaji anazitoza bei tofauti. Wa tatu amenunua noti yenye sura ya Shah iliyofunikwa kwa chapa, na chapa yenyewe ina harufu ya wino mpya.

Chanzo ni kimoja: wote wanaanza na sura ya mfalme. Mohammad Reza Shah alitawala kuanzia 1941 hadi 1979. Sura yake peke yake inakuacha na miaka 38 ya kubahatisha. Noti ya Iran husomwa kwa mpangilio: benki, tarakimu, tarehe, saini, nyuma, mwanga, kisha chapa. Ukiruka hatua moja, zinazofuata zitakudanganya.

Mwongozo huu unahusu noti za riali, yaani tangu 1932, hadi zile za miaka ya mwanzo ya Jamhuri ya Kiislamu. Ndizo zinazopatikana kwa mtu wa kawaida.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Kioo cha kukuzia cha mara 10, kile cha sonara au fundi saa.
- Tochi ya UV, ile wanayokagulia noti bandia kwenye maduka ya kubadilisha fedha.
- Taa ya kawaida yenye mwanga mweupe, au dirisha lenye mwanga mzuri.
- Rula ya milimita.
- Kibano chenye ncha butu. Ukikosa, nawa mikono na uikaushe kabisa.
- Mifuko ya polisteri isiyo na PVC.
- Simu yenye kamera, na kadi ngumu za kuandikia.
- Katalogi inayotumia namba za Pick. Albert Pick alikuwa mkusanyaji wa Kijerumani, na mpangilio wake ndio wauzaji wengi duniani wanaoutumia. Namba huandikwa P- na kufuatiwa na tarakimu, kisha herufi ndogo inayoonyesha toleo.

Herufi hiyo ndogo ndiyo kazi yenyewe. Kupata tarakimu ni kazi ya dakika tano. Kupata herufi ndiko kunakohitaji hatua zote zilizo hapa chini.

## Hatua ya 1: Piga picha, usiguse kingine

Piga noti mbele na nyuma ikiwa imelala bapa, mwanga ukitoka ubavuni. Mwanga wa ubavu huonyesha mikunjo ambayo mwanga wa juu huificha.

Pima kingo kwa rula. Ukingo mmoja ukiwa mwembamba kuliko wenzake, huenda noti ilikatwa ili kuondoa mchaniko.

Onyo: usioshe, usipige pasi, usibandike selotepu, na kwa hali yoyote usiilaminishe. Noti iliyolaminishwa haitoki tena kwenye plastiki ikiwa nzima, na mkusanyaji makini hatainunua.

Umefaulu ikiwa: una picha mbili kali kiasi kwamba ukizikuza unasoma maandishi madogo na saini bila kuigusa noti tena.

## Hatua ya 2: Soma jina la benki

Jina la benki liko mbele, kwa Kiajemi. Aliyesoma msahafu ataziunganisha herufi hata kama hajui Kiajemi. Tafuta mojawapo ya haya:

- بانک ملی ایران, Bank Melli Iran. Ndiyo iliyotoa noti za riali tangu 1932 hadi mwanzo wa miaka ya 1960. Humo mna Reza Shah, baba yake Mohammad Reza, na miaka ya ujana ya mwanawe huyo.
- بانک مرکزی ایران, Bank Markazi Iran, yaani Benki Kuu. Ilianzishwa 1960, na noti zake za kwanza zina tarehe ya 1961.
- بانک مرکزی جمهوری اسلامی ایران, Benki Kuu ya Jamhuri ya Kiislamu. Hii ni baada ya mapinduzi ya 1979.

Ukikuta Imperial Bank of Persia na thamani kwa tomani, hiyo si noti ya mwongozo huu. Ni ya kabla ya riali, na nyingi ziliandikwa mji mmoja tu ambako ziliweza kulipwa. Mpe mtaalamu aione kwanza.

Umefaulu ikiwa: umetaja benki bila kuitazama sura ya mtu yeyote.

## Hatua ya 3: Soma tarakimu za Kiajemi, si za Kiarabu

Hapa waliosoma madrasa ndio wanaoteleza zaidi, maana wanadhani wanazijua. Tarakimu saba zinafanana. Tatu hazifanani:

- Nne: Kiarabu ٤, Kiajemi ۴
- Tano: Kiarabu ٥, Kiajemi ۵
- Sita: Kiarabu ٦, Kiajemi ۶

Tano ya Kiarabu ni duara. Ya Kiajemi ina ncha juu na imebonyea chini, kama kopa ya karata iliyopinduliwa. Nne na sita za Kiajemi zinachanganya zaidi, hasa kwenye namba ya noti iliyochapwa kwa herufi nyembamba. Zikague kwa kioo.

Maneno husomwa kutoka kulia, lakini namba husomwa kutoka kushoto. Kwa hiyo ۱۳۴۲ ni 1342.

Kisha hakikisha thamani. Hapa kuna mtego wa sokoni. Wairani katika mazungumzo huhesabu kwa tomani, na tomani moja ni riali 10. Muuzaji akikuambia ana noti ya "tomani 20", atakuletea noti ya riali 200. Haidanganyi lugha yake, lakini wewe unaweza kuandika kadi isiyo kweli. Andika kila mara kilichochapwa kwenye noti, yaani riali.

Umefaulu ikiwa: umeandika namba yote ya noti kwa tarakimu za kawaida, ukarudia baada ya saa moja, na matokeo yakawa yaleyale.

## Hatua ya 4: Geuza tarehe kwa kalenda iliyo sahihi

Iran hutumia Hijria ya jua. Inaanza na hijra ileile ya Mtume, lakini mwaka wake ni wa jua wenye siku 365 au 366, si wa mwezi mwandamo. Ndiyo maana hesabu ya kawaida ya Hijria hukupeleka mbali na ukweli.

Kanuni ni kuongeza 621.

- 1311 + 621 = 1932
- 1317 + 621 = 1938
- 1340 + 621 = 1961
- 1344 + 621 = 1965

Mwaka wao huanza Nairuzi, Machi 20 au 21, si Julai kama Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Kwa hiyo miezi ya mwisho ya mwaka 1340 iliangukia mwanzoni mwa 1962. Wakusanyaji hawajisumbui na tofauti hiyo. Huandika 1340 (1961) na kuendelea.

Sasa mrudie yule mwenye noti ya 1340. Kwa Hijria ya mwezi, 1340 ilianza 1921. Lakini noti yake inasema Bank Markazi, na Bank Markazi haikuwapo mpaka 1960. Hatua ya 2 ingemzuia kabla hajaanza kumtangazia kila mtu bei.

Kuna kalenda ya tatu. Machi 1976 serikali ya Shah iliacha Hijria na kuhesabu kuanzia ufalme wa Koreshi, mfalme wa kale wa Uajemi. Mwaka 1355 ukawa 2535. Mpango huo ulifutwa 1978. Ukiona mwaka unaoanza na 25, hasa kwenye sarafu za kipindi hicho, toa 559: 2535 ni 1976, na 2537 ni 1978.

Noti za mwanzo za Bank Markazi, za miaka ya 1340 hadi 1344, nyingi zina tarehe. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, nyingi hazina kabisa. Usiivumbue. Andika "bila tarehe", kisha nenda kwenye saini.

Noti za Reza Shah za 1317 zina jambo lake. Baadhi zimepigwa muhuri wa tarehe ya baadaye nyuma. Usiufute ukidhani ni uchafu wa karani: muhuri huo unatenganisha toleo moja na jingine, na noti yenye muhuri unaosomeka ina mahali pake kwenye katalogi.

Umefaulu ikiwa: mwaka uliopata unaangukia ndani ya maisha ya benki uliyoitaja katika Hatua ya 2.

## Hatua ya 5: Saini, na kwa jozi

Noti ya Bank Markazi hubeba saini mbili: ya gavana wa Benki Kuu na ya waziri wa fedha. Kwa noti isiyo na tarehe, jozi hiyo ndiyo kalenda yako. Watu walibadilika ofisini, sanamu ya noti ikabaki ileile, na kila jozi mpya ikazaa herufi mpya kwenye katalogi.

Usijaribu kuzisoma. Saini za Kiajemi ni mchoro. Zilinganishe kwa umbo:

1. Kata kwenye picha ya simu eneo la saini tu.
2. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe, kisha ikuze.
3. Ilinganishe na jedwali la saini katika katalogi, saini moja baada ya nyingine.
4. Andika nani yuko upande wa gavana na nani yuko upande wa waziri.

Hii ndiyo orodha ya magavana wa enzi ya Shah: Ebrahim Kashani alianza 1960. Ali Asghar Pourhomayoun akafuata 1961 hadi 1963. Mehdi Samii akashika mpaka 1968. Baada yake Khodadad Farmanfarmaian, kisha Samii tena 1970 hadi 1971. Abdolali Jahanshahi 1971 hadi 1973. Mohammad Yeganeh 1973 hadi 1975. Hassan-Ali Mehran 1975 hadi 1978. Yousef Khoshkish aliingia 1978, moshi wa mapinduzi ukiwa tayari hewani.

Umeona tatizo? Samii yumo mara mbili. Ukiona saini yake ukaandika "1963 hadi 1968", umebahatisha. Anayekutoa kwenye shaka ni waziri aliyesaini naye.

Yeganeh ni mtego mzuri zaidi. Alikuwa gavana, kisha 1977 akawa waziri wa uchumi na fedha. Saini yake inaweza kukaa upande wowote. Mohsen Nourbakhsh alifanya vivyo hivyo baada ya mapinduzi: gavana kuanzia 1981 hadi 1986, baadaye waziri, kisha gavana tena tangu 1994. Kwa hiyo kutambua jina hakutoshi. Nafasi ya saini ina uzito uleule.

Onyo: wauzaji wengi mtandaoni hutumia picha moja kuuza noti nyingi. Omba picha ya noti yenyewe, saini zionekane. Akikataa, mwache.

Umefaulu ikiwa: una majina mawili yenye vyeo, na unajua miaka ambayo wote wawili walikuwa ofisini pamoja.

## Hatua ya 6: Geuza nyuma, tafuta tofauti ndogo

Toleo la mwisho la Shah, lililoanza 1974, ndilo rahisi kulikusanya kamili kwa thamani zake za chini. Sanamu za nyuma:

- Riali 20: bwawa la Amir Kabir, karibu na Karaj
- Riali 50: kaburi la Koreshi, Pasargadae
- Riali 100: Makumbusho ya Pahlavi
- Riali 200: mnara wa Shahyad, Tehran
- Riali 500: farasi wenye mabawa
- Riali 1000: kaburi la mshairi Hafez, Shiraz
- Riali 5000: Kasri la Golestan, Tehran

Yule mwenye rundo la riali 200 ashike kioo sasa. Noti hii, P-103, ina matoleo kadhaa yanayotofautishwa na vitu viwili nyuma. Cha kwanza ni maandishi chini ya mnara: mengine yanasema Maidan-e-Shahyad, mengine Shahyad Aryamehr. Cha pili ni nyota iliyo ndani ya nakshi: ya ncha 6 au ya ncha 12.

- Maidan-e-Shahyad, nyota ya ncha 6: toleo la kwanza
- Shahyad Aryamehr, nyota ya ncha 12: la baadaye

Hesabu ncha kwa kioo, usikadirie kwa macho. Wengi husimulia kwamba nyota ya ncha 6 ilifanana mno na Nyota ya Daudi, ndiyo maana ikabadilishwa. Hadithi hiyo inauza noti kuliko wino wake, na wauzaji wanalijua hilo. Wewe nunua idadi ya ncha, hadithi waachie wao.

Jambo jingine la nyuma: sanamu ileile inaweza kuvuka mapinduzi. Kaburi la Hafez liko kwenye riali 1000 ya Shah na pia kwenye riali 1000 ya 1981, ambayo mbele ina haram ya Imam Reza ya Mashhad. Ukiona nyuma tu kwenye tangazo, hujaona noti.

Umefaulu ikiwa: umeandika angalau alama moja ya nyuma inayotenga noti yako na ndugu zake.

## Hatua ya 7: Iinue kwenye mwanga

Inua noti mbele ya taa utazame sehemu iliyoachwa wazi bila sanamu. Hapo pana alama ya maji, picha iliyofanywa ndani ya karatasi yenyewe.

Kwenye toleo la mwisho la Shah utaona sura yake akiwa kijana. Kwenye noti za Jamhuri ya Kiislamu, thamani moja yenye sanamu zilezile inaweza kuwa na alama tofauti: nembo ya Jamhuri, sura ya mvulana Hossein Fahmideh aliyekufa vitani Khorramshahr mwaka 1980, au sura ya Khomeini, kiongozi wa mapinduzi. Riali 500 yenye picha ya sala ya Ijumaa ni mfano mzuri. Ukiziweka mezani ni sawa, ukiziinua zinaachana.

Kisha zima taa uwashe UV. Karatasi ya fedha hubaki imefifia. Ikiwaka buluu kali kama shati jeupe kwenye disko, hiyo ni karatasi ya kawaida ya dukani, au noti imefuliwa kwa sabuni.

Umefaulu ikiwa: alama ya maji ina vivuli, sehemu nzito na sehemu nyepesi. Mstari mmoja wa kijivu uliochapwa juu ya karatasi si alama ya maji.

## Hatua ya 8: Chapa za 1979

Shah aliondoka Januari 1979, mapinduzi yakashinda Februari. Ghala la Benki Kuu lilikuwa limejaa sura yake. Noti hazikuchomwa zote. Sura ilifunikwa kwa nakshi nzito. Kwenye nyingine hata eneo la alama ya maji lilifunikwa, kwa maandishi ya Jomhuri-ye Eslami-ye Iran. Kuna miundo na rangi kadhaa, na kila mmoja una nafasi yake kwenye katalogi.

Tatizo ni kwamba noti ya Shah isiyo na chapa ni ya bei nafuu, na chapa mtu anaweza kuipiga chumbani. Kagua hivi:

1. Umbo. Linganisha nakshi mstari kwa mstari na picha ya katalogi. Ya bandia mara nyingi huwa na mistari iliyovimba.
2. Wino. Kwa kioo cha mara 10, wino wa mashine ya uchapaji huwa na ukingo safi. Ukiona vidoti vya rangi, ni printa. Ukiona wino umetapakaa kwenye nyuzi za karatasi, ni muhuri wa mpira.
3. Mikunjo. Tafuta mahali mkunjo wa zamani unapopita chini ya chapa. Chapa halali ilipigwa kwenye noti mpya, kwa hiyo mkunjo huvunja wino. Wino ukiwa umejaa ndani ya mkunjo, chapa ilikuja baada ya noti kuchakaa.
4. Saini. Chapa ya 1979 haiwezi kuwa halali juu ya jozi ya saini au thamani ambayo katalogi haiitaji kabisa kwa muundo huo.

Jaribio la tatu ndilo ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu mghushi hawezi kurudisha noti kwenye upya wake. Lakini halifanyi kazi kwa noti isiyo na mkunjo hata mmoja. Hapo unabaki na umbo na wino.

Umefaulu ikiwa: chapa imepita majaribio yote yanayowezekana. Ikishindwa moja, iandike "chapa yenye shaka" na usilipe zaidi ya bei ya noti tupu.

## Hatua ya 9: Andika kadi kabla hujaingiza noti kwenye mfuko

Kadi iwe na: benki, thamani kwa riali, tarehe kama ilivyochapwa na mwaka wa kawaida kwenye mabano, au "bila tarehe", saini mbili na vyeo, alama ya nyuma, alama ya maji, chapa, namba ya noti, hali, na namba ya Pick.

Hali huandikwa kwa vifupisho vya wakusanyaji: UNC ni noti ambayo haijakunjwa kamwe, XF ina mikunjo michache myepesi, VF imetumika lakini bado imara. Kuwa mkali. Mkunjo mmoja wa katikati unaitoa noti kwenye UNC, hata muuzaji akiapa.

Usiandike namba ya Pick kwanza kisha ukatafuta ushahidi wa kuiunga mkono. Ijaze mwisho.

## Hatua ya 10: Kununua na kuhifadhi

Kwa walioko Muscat na Dubai, soko la Muttrah na maduka ya Deira ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu unainua noti kwenye mwanga kabla ya kulipa. Wengine tunategemea mtandao. Huko jihadhari na malipo: kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, kampuni ya malipo inaweza kusimamisha muamala uliotaja Iran, hata kama ni wa noti moja kuukuu. Muulize muuzaji mapema njia anayoitumia na kama imeshawahi kumkwamia.

Nyumbani, adui wa pwani ni unyevu. Weka mifuko ya polisteri ikiwa wima ndani ya kisanduku chenye mfuniko, tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe vikishiba. Kisanduku kikae ndani ya kabati, mbali na ukuta wa nje na mbali na jua. Kila baada ya miezi michache fungua unuse: harufu ya ukungu hutangulia madoa, na noti iliyonusurika hapo bado unaweza kuihamishia kwenye mfuko mkavu.